Kutoka karatasi za Kabambare hadi diski C: historia ya kutafuta nafasi bila kupoteza ushahidi

KASONGO, Maniema – Mstari wa diski C ukigeuka mwekundu kwenye kompyuta, kazi husimama. Redio haiwezi kurekodi kipindi, sekretariati haiwezi kupiga skani cheti cha mteja, na mashine yenyewe inakuwa nzito kama mtu aliyebeba mzigo kupita nguvu zake. Hapo mwenye mashine hukimbilia njia iliyo karibu: anachagua mafaili ambayo hayatambui, anayafuta, kisha anapumua.

Katika Kasongo na Kabambare haraka hiyo inaweza kuwa ya gharama kubwa. Familia zilizokimbia vita Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, na zile zilizotoka Kivu, mara nyingi ziliondoka na nguo za mwilini tu. Cheti cha kuzaliwa, diploma ya mtoto, picha ya marehemu baba, hati ya kiwanja: pengine nakala pekee iliyobaki ni ile iliyopigwa skani siku moja kwenye kompyuta ya sekretariati ikasahauliwa humo. Kompyuta hiyo ikijaa, nakala hiyo huwa ya kwanza kufutwa, kwa sababu hakuna anayejua ni ya nani.

Kutafuta nafasi ya kuandika si jambo jipya katika nchi hii. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, kabla mtu yeyote hajawaza kompyuta, mgeni mmoja aliishiwa na nafasi ya kuandika hapa hapa Kabambare. Yaliyozipata karatasi zake yanatufundisha kuhusu diski C mambo ambayo fundi wengi husahau kuyasema.

Karatasi zilipokwisha

Mgeni huyo alikuwa David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Scotland. Katika maandishi yake Kabambare anaiita Bambarre. Alirudi hapo Julai 1870 akiwa na vidonda vibaya vya miguu, akakwama kwa miezi mingi. Aliweza kuondoka kuelekea mto Lualaba katikati ya Februari 1871 tu, na mwisho wa Machi akafika Nyangwe, mji wa soko ulio leo katika wilaya ya Kasongo.

Wakati huo madaftari yake yalikuwa yamejaa na wino wake umekwisha. Duka la karatasi halikuwapo. Vifaa vilivyotumwa kutoka Zanzibar vilipita Ujiji, na vingi viliibiwa au kuuzwa njiani. Livingstone hakuacha kuandika. Alichukua magazeti ya zamani aliyokuwa nayo, likiwamo gazeti la *The Standard* la London la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu yake. Aligeuza ukurasa ubavu, ili mistari yake ikate mistari iliyochapwa. Kwa wino alitumia rangi ya mbegu za mmea ambao yeye aliuandika kwa jina la *zingifure*. Mswahili wa pwani atalitambua neno hilo mara moja: ni zingefuri, ile rangi nyekundu.

Kwa lugha ya leo, Livingstone alipata nafasi kwa kuandika juu ya kitu ambacho hakukihitaji tena. Habari za London za mwaka 1869 zilikuwa zimeshapitwa. Aliamua kwamba yanayotokea Nyangwe yana thamani kuliko bei za bidhaa na matangazo ya Uingereza. Ndiyo kazi ya kila anayesafisha diski: kuamua kipi kimeshapitwa na kipi bado kina uzito.

Tarehe 15 Julai 1871

Uamuzi ule ulikuja kuwa na maana kubwa. Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko Nyangwe, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifyatua risasi katikati ya umati. Wengi sokoni walikuwa wanawake waliokuja na mihogo, samaki na vyungu vyao. Walikimbilia mitumbwi mtoni. Mitumbwi ikapinduka, wengi wakafa maji katika Lualaba. Livingstone alikuwapo na aliona kwa macho yake. Waarabu wenyewe, kama alivyoandika, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Marehemu hao hawakuwa na kaburi lenye jina wala daftari la serikali. Ushahidi wa maandishi wa shahidi aliyesimama pale pale uliwekwa kwenye karatasi ya gazeti iliyoandikwa mara mbili. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu kwa waliokuwa wakimshinikiza Sultani wa Zanzibar, na mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Lakini karatasi zile zenyewe hazikuwa imara. Karatasi ya gazeti huoza upesi. Rangi ya mbegu ilififia mwaka baada ya mwaka, huku wino wa kiwandani wa gazeti ukibaki mweusi. Maandishi ya Kiingereza yaliyochapwa yakameza maandishi ya mkono. Kwa zaidi ya miaka 100 sehemu kubwa ya daftari hilo haikuweza kusomwa.

Mwaka 2011 timu ya wataalamu iliyoongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki ilitoa matokeo ya kazi ngumu. Walipiga picha kila ukurasa kwa mianga ya aina nyingi, mingine isiyoonekana kwa jicho la mtu. Wino wa gazeti na rangi ya mbegu havikupokea mwanga kwa namna moja, kwa hiyo kompyuta iliweza kuvitenganisha: gazeti likafifishwa, na mkono wa Livingstone ukatokea tena.

Hapo palionekana jambo lingine. Livingstone mwenyewe alikuwa amenakili habari zake kutoka karatasi zile kwenda daftari kubwa, ambalo Stanley aliondoka nalo Machi 1872. Mwaka 1874, baada ya kifo chake, rafiki yake Horace Waller alitoa kitabu. Watafiti walipolinganisha, waliona kwamba maneno ya siku ile na maneno yaliyonakiliwa baadaye hayalingani kila mahali. Nakala iliokoa habari, lakini maandishi ya kwanza yalibaki na mambo ambayo nakala haikuyabeba.

Tuyaweke mambo haya matatu kando: kuandika juu ya kitu cha zamani, kunakili, na tofauti kati ya nakala na asili. Yote matatu yanarudi ndani ya kompyuta.

Kwa nini diski inaitwa C

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilitumia sahani 50 za chuma zinazozunguka, ukubwa wake ulikuwa wa kabati, na ilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Kwa hesabu ya leo ni kama megabaiti 4: wimbo mmoja wa MP3. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa tani hivi.

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta ndogo ya mezani. Haikuwa na diski ngumu. Ilitumia visahani laini vya kuchomeka, na nafasi mbili za kuvichomeka zilipewa herufi A na B. Mwaka 1983 ikaja kompyuta ya IBM yenye diski ngumu ya megabaiti 10 ndani yake. Herufi A na B zilikuwa zimeshachukuliwa, kwa hiyo diski hiyo ikapewa C. Visahani laini vimekufa, watoto wa leo hawajawahi kuviona, lakini herufi imebaki.

Tangu hapo, mfumo wenyewe wa Windows umekuwa mgeni anayeongeza vyumba kila mwaka. Windows 95, ya mwaka 1995, ilitosheka na megabaiti 50 na kitu. Windows XP ya mwaka 2001 ilidai gigabaiti 1.5. Windows 7 ya mwaka 2009 ilidai gigabaiti 16 au 20. Windows 10 ilianza mwaka 2015 kwa kiwango hicho hicho, lakini mwaka 2019 kikapandishwa hadi gigabaiti 32 kwa mashine mpya. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai diski isiyopungua gigabaiti 64.

Maana yake ni rahisi. Kompyuta ya mtumba yenye diski ya gigabaiti 64 au 128 haijai kwa sababu mwenyewe ni mzembe. Inajaa kwa sababu nusu ya nyumba imeshakaliwa na mfumo kabla mwenyewe hajaingiza kitu chake hata kimoja. Na kila sasisho kubwa linakuja na mizigo yake, kisha linaacha mizigo ya zamani mlangoni.

Faili iliyofutwa na mji wa Tongoni

Watu wa Kasongo wana mfano mzuri wa kuelewa kinachotokea faili inapofutwa. Kasongo ya kale, iliyokuwa makao ya Tippu Tip na kitovu cha biashara ya Manyema, ilitekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Baadaye mji ulihamia mahali pengine, na pale pa kale pakabaki na jina la Kasongo-Tongoni. Tongo ni mahali palipohamwa. Kwa anayepita, ni shamba na majani. Lakini wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo katika miaka ya karibuni wameonyesha kwamba ardhi bado ina alama za waliokaa humo.

Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka inafanya hivyo hivyo. Ukifuta faili, kompyuta haiendi kubomoa nyumba. Inafuta jina lake kwenye orodha na kuandika kwamba kiwanja sasa ni huru. Matofali bado yapo, hadi faili nyingine ije kujenga juu yake. Ndiyo maana fundi anaweza kurudisha picha iliyofutwa jana, ikiwa mwenye mashine ameacha kuitumia mara moja.

Lakini kuna tofauti mbili ambazo familia yenye hati muhimu inapaswa kuzijua.

Ya kwanza: gazeti la Livingstone lilikubali maandishi mawili juu ya ukurasa mmoja, na yote mawili yalibaki. Diski haikubali. Faili mpya ikishajenga juu ya ile ya zamani, hakuna mwanga wa kuifufua.

Ya pili: kompyuta nyingi za sasa hazina sahani zinazozunguka. Zina diski ya SSD, yenye vipande vya kumbukumbu kama vya flashi. Faili ikifutwa humo, mashine yenyewe huanza kusafisha kiwanja kimya kimya ili kiwe tayari. Mara nyingi baada ya muda mfupi hakuna cha kuchimba. Tongoni ya SSD haina vigae.

Siku sasisho lilipofuta hati za watu

Hatari hii iliwahi kuwapata hata walioitengeneza Windows. Tarehe 2 Oktoba 2018 kampuni ya Microsoft ilianza kutoa sasisho kubwa la Windows 10. Baada ya siku chache watu kutoka nchi mbalimbali walianza kulalamika kwamba hati na picha zao zimetoweka. Kampuni ikasimamisha sasisho hilo na kulichunguza.

Sababu inahusu moja kwa moja suala la nafasi. Baadhi ya watumiaji, ili kuipunguzia mzigo diski C, walikuwa wameelekeza folda yao ya hati kwenda diski nyingine. Kazi mpya zikawa zinakwenda huko, lakini mafaili ya zamani yalibaki kwenye folda ya kwanza ndani ya C. Sasisho lilipokuja, liliiona folda ile ya zamani kama nakala tupu isiyo na kazi, likaiondoa pamoja na vilivyokuwamo. Kampuni ilisema walioripoti hasara hiyo walikuwa sehemu ndogo sana, mtu 1 katika 10,000 hivi. Sasisho lilirekebishwa na kutolewa tena Novemba 13.

Katika sasisho hilo hilo, programu ya kusafisha diski iliongezewa kisanduku kipya: folda ya vitu vilivyopakuliwa, ile ambayo kwenye mashine za Kifaransa imeandikwa *Téléchargements*. Aliyezoea kuweka alama kwenye visanduku vyote bila kusoma alijikuta amefuta na hati zake. Baadaye kisanduku hicho kiliondolewa.

Funzo lake halina ufundi mkubwa. Walioumia ni wale ambao walidhani wamehamisha vitu, kumbe walikuwa wamehamisha njia tu, na wale ambao walikubali bila kusoma.

Kipi kitoke kwanza

Kwa hiyo kusafisha diski C kuna utaratibu, na utaratibu wake unaanza kabla ya kugusa kitufe cha kufuta.

Kwanza, nakili. Hati zote za watu ziende kwenye diski ya nje au flashi mbili, si moja, na zisikae nyumba moja. Kisha fungua nakala hizo moja moja, uone kwamba zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala.

Pili, toa takataka za mfumo wenyewe. Windows ina programu yake ya kusafisha diski tangu mwaka 1998. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika *cleanmgr*, chagua diski C, kisha chagua kusafisha mafaili ya mfumo. Soma kila mstari kabla ya kuweka alama. Mafaili ya muda, mabaki ya masasisho na picha ndogondogo za maonyesho yanaweza kutoka bila hasara. Lakini pipa la takataka, yaani *Corbeille*, lifunguliwe na kutazamwa kwanza. Watu wengi huweka humo kitu kwa bahati mbaya, na hapo ndipo mahali pa mwisho pa kukiokoa.

Tatu, tazama kama kuna folda iitwayo *Windows.old*. Hiyo ni nyumba ya zamani inayoachwa mfumo unapopandishwa daraja, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda 11. Inaweza kumeza gigabaiti nyingi. Kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10. Ukihakikisha mfumo mpya unafanya kazi na hati zako zote umeziona, inaweza kutolewa kwa programu ile ile ya kusafisha.

Nne, ondoa programu zisizotumika, kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio. Usiondoe programu kwa kufuta folda yake kwa mkono. Hiyo ni kukata mti na kuacha mizizi inayokwaza.

Tano, ikiwa mashine hailazwi usingizi mzito, kuna faili kubwa iitwayo *hiberfil.sys* ambayo mashine huitumia kukumbuka kazi inapolala. Haifutwi kwa mkono. Fundi huizima kwa amri *powercfg /h off*, na gigabaiti kadhaa hurudi mara moja.

Yasiyoguswa ni folda ya *Windows* yenyewe, na hasa folda ya ndani yake iitwayo *WinSxS*. Inaonekana nene kuliko ilivyo, na aliyeifuta mara nyingi huishia kuweka mfumo upya, kazi ambayo yenyewe inaweza kuua hati nyingi.

Kuna jambo la mfuko pia. Ushauri wa mijini husema futa kumbukumbu ya muda ya intaneti kila wiki. Mahali ambapo megabaiti hununuliwa kwa kuhesabu faranga, kumbukumbu hiyo ndiyo inayozuia ukurasa ule ule kupakuliwa upya kila siku. Ifute diski inapobana kweli, si kwa mazoea.

Redio na sauti za wazee

Kwenye redio za jamii, kinachojaza diski ni sauti. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ile ya WAV yenye ubora wa sidii, inachukua megabaiti 600 na zaidi. Saa hiyo hiyo ikigeuzwa kuwa MP3 ya kiwango cha 128 inachukua kama megabaiti 58. Diski ambayo ingejaa kwa vipindi 50 inaweza kubeba zaidi ya 500.

Hapa linarudi lile la Livingstone na daftari lake kubwa. MP3 ni nakala iliyopunguzwa. Kwa tangazo la mkutano au nyimbo za mapumziko, inatosha kabisa. Lakini mzee anaposimulia asili ya ukoo, au mama aliyekimbia Salamabila anapoeleza alivyompoteza mwanawe njiani, sauti ya kwanza inastahili kubaki nzima kwenye diski ya nje, na MP3 ndiyo ikae kwenye kompyuta ya studio. Anayesafisha studio aanze na matangazo yaliyopitwa na wakati, kama Livingstone alivyoanza na habari za London.

Picha za simu zina tabia hiyo hiyo. Hati ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huipunguza ili iende upesi. Inapofika, mhuri na namba ndogo zinaweza kuwa hazisomeki. Ikitumwa kama faili ya hati, inafika kama ilivyo. Familia nyingi zimefuta picha asili kwenye simu zikiamini kwamba ile iliyo kwenye kikundi cha WhatsApp ni sawa nayo.

Nani ana haki ya kufuta

Swali la mwisho si la ufundi. Kompyuta ya sekretariati ina mwenyewe, aliyeinunua na kuilipia mafuta ya jenereta au mitambo ya jua. Lakini hati zilizomo ni za watu wengine. Mwenye mashine ana haki ya nafasi yake. Mwenye cheti ana haki ya kujulishwa kabla cheti chake hakijafutwa.

Kwa raia wengi wa Kongo kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho, na ikipotea mtu hana cha kuonyesha kwenye kizuizi cha barabara. Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa huhitaji hukumu ya mahakama ili apate cheti, na mahakama iko mbali, na safari ni pesa. Pale ofisi ilipoteketea na nyumba ilipoporwa, skani moja ya miaka minne iliyopita inaweza kumpunguzia mzazi safari ya wiki nzima.

Kuna njia zisizo na gharama kubwa. Sekretariati inaweza kuweka folda moja ya hati za wateja, kila hati ikiwa na jina la mwenyewe na mwaka, badala ya kuacha skani zenye majina ya namba tu kama *scan0047*. Faili yenye jina la mtu haifutwi ovyo. Kabla ya kusafisha, tangazo la siku chache kwenye redio linaweza kuwaita waliowahi kupiga skani hapo waje na flashi zao. Na familia iliyofika salama Kasongo, au iliyorudi Kabambare, iulize pale ilipowahi kupata huduma kama hati zake bado zipo, kabla mstari mwekundu haujatokea.

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wasaidizi wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili wake pamoja na karatasi zake kwa miezi mingi hadi pwani. Mzigo wao ulikuwa mzito na njia ilikuwa ya hatari. Karatasi zilizochakaa zingekuwa kitu rahisi cha kutupa ili kupata nafasi. Hawakuzitupa. Wengi wa waliokufa siku ile Nyangwe hatuyajui majina yao, lakini tunajua kwamba waliuawa, tunajua ni wapi, na tunajua ni siku gani.